Siku Ambayo Mama Mdogo Hakuamkia

Mnisamehe kwa mwandiko huu na makosa ya herufi. Nilisoma hadi darasa la sita tu kule Unguja, tukahamia Maskati, na masomo ya Kiarabu yakanishinda. Naandika polepole, na kusema mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa.

Mama mdogo wangu ni mwimbaji wa opera, yaani mchezo unaoimbwa mwanzo hadi mwisho, bila kipaza sauti. Ndiyo kazi yake huko Ulaya, mwaka wa kumi na tano sasa. Bibi, mama yake, alikuwa hajawahi kumsikia jukwaani. Mwaka jana aliitwa kuimba hapa Maskati, jioni moja tu, akafikia kwetu, mtaa wa Darsait. Bibi alikubali kwenda. Buibui lake lilishapigwa pasi.

Siku yenyewe mama mdogo aliamka koo limemkauka kwa kiyoyozi. Siku ya kuimba huwa hasemi mpaka apande jukwaani. Safari hii aliogopa hata kukohoa. Akachukua daftari: yeye ataandika, mimi nitasoma kwa sauti. Tukaingia sebuleni. Akamwinamia Bibi, akambusu mkono, akanyamaza.

Bibi alingoja. Kwetu mtu haingii kwa mzazi wake bila shikamoo, hata akiwa na mvi.

"Ulimi umeuwacha Ulaya?"

Mama mdogo akaandika haraka. Nikasoma kwa kukwamakwama, "Shikamoo mama. Nahifadhi sauti."

"Sikukuuliza wewe," Bibi akaniambia. "Siku zote husikiki, leo ndo umekuwa redio?" Kisha akamtazama mwanawe. "Mimi nlokufunza kusema, niletewe karatasi? Sauti wawekewe watu nisowajua? Basi na wende wao. Mimi sendi."

Akaniamuru nirudishe buibui kabatini. Nikalikunja. Mama mdogo aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akalifunga daftari, akapiga magoti mbele ya kiti.

"Shikamoo, mama."

Ilitoka imekwaruza, nusu yake pumzi tupu. Uso wa Bibi ukabadilika. Akamziba mdomo kwa kiganja.

"Marahaba. Marahaba, mwanangu. Nyamaza. Nyamaza kabisa." Akanigeukia. "Na wewe wasimama nini? Kachemshe tangawizi. Na hilo buibui ushalikunja? Lipige pasi tena."

Mchana kutwa Bibi alikaa kwenye mlango wa chumba alimolala mama mdogo. Jirani aliyekuja kusalimia alirudishwa kwa kidole tu.

Jioni, ukumbini, sauti ilitoka. Haikuwa yote, pale juu kabisa niliisikia ikitetemeka. Sijui kama wengine walisikia. Bibi hakuelewa hata neno moja la wimbo. Alikaa kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe mpaka mwisho.

Kesho yake mama mdogo hakuwa na sauti hata kidogo. Aliondoka hivyo hivyo. Mlangoni alipoinama, Bibi alimwitikia marahaba kabla hajafungua mdomo.

Mpaka leo najiuliza kama siku ile ningesoma vizuri zaidi, angeweza kubaki kimya. Kama kwenu yupo ambaye kazi yake humlazimu kunyamaza, niandikieni mnieleze anavyowaamkia wazee wake. Nitajibu kila barua, ila mnivumilie, majibu yatachelewa.