Mshenga Aliyekubali

Kwa miaka tisa Okech alilifuata neno moja la Kiingereza cha kale, sælig, lenye maana ya mwenye furaha. Asubuhi alifundisha watu wazima huko Tumba, kitongoji cha Stockholm. Jioni alirudi kwa neno lake. Tasnifu yake juu ya neno hilo haikuisha, wala jambo hilo halikumnyima usingizi.

Mwaka 2009 Kipchumba, fundi umeme wa Akalla, alimwomba awe mshenga wake kwa Ghislaine, binti wa Kirundi wa Alby. Kipchumba hakuwa na ndugu Stockholm, na Okech alikuwa na suti.

"Usiniangushe, kaka. Huyu nikimkosa, sina mwingine."

Hakuna aliyemweleza Okech kwamba kwa Warundi msemaji wa upande wa binti sharti akatae. Hukataa mara tatu, nne, na mshenga humbembeleza kwa maneno matamu zaidi. Ni mchezo, na ukumbi mzima uliujua.

Siku ya posa Anicet, baba mdogo wa Ghislaine na msemaji wa upande wake, akauliza wamemletea binti yao furaha gani. Okech akachangamka. Akaeleza kwamba mzizi wa neno lake, sælig, ni wakati unaofaa. Aliyepatwa na wakati wake akaitwa mwenye furaha, kisha mbarikiwa; Waswidi bado humwita hivyo bibi yao marehemu, salig. Kwa Waingereza mbarikiwa akawa asiye na hatia, kisha wa kuhurumiwa, na leo neno hilohilo, silly, ni mpumbavu.

"Kumbe mnampeleka binti yetu kwenye upumbavu," Anicet akasema. "Hatuna binti wa kutoa. Rudini Akalla."

Okech akaipima hoja. Ilikuwa nzuri.

"Umesema kweli, mzee," akajibu, akakaa. Kipchumba akafumba macho.

Anicet alikuwa na mapingamizi mengine matatu, yote yakihitaji mbishi. Akakohoa.

"Halafu binti bado anasoma."

"Elimu ni jambo kubwa," Okech akakubali kwa huzuni.

Vénantie, mama wa binti, akamwinamia Anicet. "Shemeji, umewafukuza na wamekubali. Sasa?"

"Sijawahi kukubaliwa."

"Basi toa binti kabla hawajavaa makoti."

Anicet akatangaza kwamba familia imeridhika. Posa ya masaa matatu ikaisha kwa dakika ishirini, wali haujaiva. Wakiungojea, wazee wa Kirundi walimzunguka Okech wakimjazia Fanta na kuisifu hila yake. Hakujua ni hila ipi, lakini kiti kilikuwa kizuri, na mmoja wao alitaka kusikia zaidi kuhusu lile neno.