Akaunti Iliyoacha Kukua

Nilikuwa katika mwezi wa tatu wa eda, ndani ya nyumba yetu ya Barking, London, taarifa ya akaunti ya uwekezaji ya marehemu mume wangu ilipoingia kwenye tundu la barua mlangoni. Alipokuwa hai sikuwahi kufungua hata moja. Zilikuwa zake. Kila baada ya miezi mitatu alivaa miwani, akatazama tarakimu moja tu, ile ya chini kabisa, akailinganisha na ya taarifa iliyopita, kisha akaandika pembeni kwa penseli: imekua. Halafu akaitia karatasi ndani ya gunia kuukuu la mchele, lile lenye zipu, na kunigeukia mimi na upatu niliocheza na wanawake wenzangu.

"Pesa zenu nyinyi zinazunguka tu kama feni," alikuwa akisema. "Zangu zinazaa."

Safari hii nilivaa miwani yangu, nikatazama tarakimu ya chini. Haikuwa imekua. Ilikuwa imepungua kidogo. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini wizi naujua. Nikaipigia simu kampuni.

"Tangu mume wangu afe, akaunti imeacha kukua," nikamwambia mwanamke aliyepokea.

Akanipa pole, akatazama kwenye kompyuta yake. "Tangu afariki, hakuna aliyeweka kitu," akasema kwa upole.

Sikumwelewa mpaka Jumapili, alipokuja binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Akalimwaga gunia zuliani, akanionyesha safu ambayo baba yake hakuijali: alizoweka. Pauni mia kila mwezi, za saa za ziada alizoendesha basi, kwa miaka tisa. Tulijumlisha mara mbili. Aliweka elfu kumi na mia nane. Zilizokuwamo zilikuwa elfu kumi na moja na kumi na mbili.

"Mia mbili na kumi na mbili," nikasema. "Kwa miaka tisa."

"Alikuwa anahamahama, Mama," binti akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Soko likishuka, baba yake aliuza kwa hofu, akazipeleka pesa mfuko mwingine wa uwekezaji. Likishapanda, alirudi kununua kwa bei ya juu. Na kila alipohama, alikatwa ada. Mtu yule yule aliyekuwa akiwacheka dukani wanaorukia foleni ya jirani!

Ningecheka, lakini kulikuwa na shemegi. Katika mirathi mimi nina thumni, binti ana nusu, na kinachobaki ni cha shemegi huyo, ndugu wa pekee wa marehemu, aliyeko Unguja. Huyo kwa miaka tisa aliambiwa kwa simu habari za pesa zinazozaa. Kwa kuzitegemea, alikuwa ameshachimba msingi wa vyumba vitano.

"Mwambie soko limeanguka," binti akanishauri. "Watu wote hulisingizia soko."

Lilikuwa shauri zuri. Jina la mume wangu ndilo nililobaki nalo, na sikutaka kulivunja kwa simu. Lakini karatasi zilikuwa pale zuliani, na maandishi yake ya penseli juu yake. Nikapiga.

"Shemegi, kaka yako hakuongopa. Pesa zilikua. Zilikua kwa sababu alikuwa akizitia mwenyewe."

Nikamsomea safu zote mbili. Akaniomba nirudie ya pili.

"Basi ni jasho lake tu?"

"Jasho lake, na mia mbili na kumi na mbili."

"Naye alinikazania niuze ng'ombe wangu nimpelekee pesa azizalishe! Nilikuwa nao wawili. Sasa wako saba, shemegi. Saba!" Sauti yake ilipanda kwa fahari, kisha akaanza kulia.

Nilingoja amalize. Halafu nikamuuliza swali nililofundishwa zuliani.

"Katika hao watano walioongezeka, wa kununua wangapi?"

Nikamsikia akiwahesabu mmoja mmoja.

"Wanne," akasema.

Tukacheka, mimi kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na binti akaja mbio kutoka jikoni akidhani nalia.

"Vyumba viwili vitatosha," shemegi akasema.