Friji ya Soda na Unga wa Bakteria

Mimi hakuna jambo linaloweza kunishangaza. Nimeishia darasa la nne, nimebeba mizigo ya watu pale Kitai, na leo nina duka la mabati na saruji Mbinga mjini. Waliosoma wanakuja kunikopa. Kwa hiyo daktari wa watoto kule Songea aliponiambia kwamba binti yangu wa mwisho, mwenye miaka mitano, sukari yake inapanda, nilimuuliza tu, "Dawa yake bei gani?"

Akataka kujua mtoto alizaliwaje na alilishwa nini. Nikamjibu kwa fahari: kwa upasuaji, maziwa ya kopo, tena ya bei mbaya, na akikohoa tu, antibayotiki. Akasema tumboni mwa mtoto wamo bakteria wazuri wanaosaidia mwili kutumia chakula, na huenda wa binti yangu walikosa nafasi ya kutulia. Wapo wa kununua, unga kwenye vipakiti, ila nisiwategemee, maana wataalamu bado wanachunguza.

Hayo ya mwisho sikuyasikia. Nikaagiza unga Dar.

Kila asubuhi nilimpa mwenyewe, kisha nikashindwa kukaa. Nawasha pikipiki, nazima. Naacha wateja, narudi ndani kumtazama anavyohema akipanda barazani. "Baba watoto," mke wangu akasema, "huyo si saruji, umwage leo kesho akauke."

Mama mkwe akaleta togwa kutoka Kihagara, uji wa kimea uliochachushwa, ile niliyoipiga marufuku kwangu nikiiita kinywaji cha shida. Safari hii nikaipokea.

Tukarudi Songea. Sukari ile ile.

"Baba," daktari akauliza, "mchana anakunywa nini?"

"Soda. Wateja wanamnunulia."

Ndivyo ilivyo. Msimu wa kahawa mkulima akilipwa anakuja kuchukua bati, na kabla ya kuomba apunguziwe, anamnunulia mtoto wa bosi soda, kutoka friji yangu mwenyewe. Niliona ni heshima na faida kwa pamoja.

Daktari akatikisa kichwa. "Unawaalika wageni tumboni, halafu unawapikia sukari tupu."

Nikaanza kuzikataa soda za wateja. Mzee mmoja wa Mbuji, aliyetaka bati za nyumba nzima, akarudisha pesa mfukoni. "Soda yangu ina nini? Au mtoto wako siku hizi hanywi cha wakulima?"

"Shikamoo mzee. Mtoto anaumwa."

"Mnene hivi, anaumwa?"

Watu wakacheka. Mzee akavuka barabara, akanunua kwa mwenzangu. Binti yangu alikuwa amesimama mbele ya friji, mkono kwenye mlango, akingoja nigeuke.

Friji niliiuza siku ile ile, kwa bei ya kutupa. Sasa anakunywa togwa bila kuongezewa sukari, anashinda akikimbia na wenzake, na vipimo vimeshuka kidogo. Tuendelee, daktari anasema. Unga sijui kama ulisaidia. Ukijumlisha vipakiti, nauli za Songea, hasara ya friji na faida ya bati za yule mzee, imenitoka shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini na tano.