Bustani ya Mama Ekai

Kama kuna mwenye aibu kunishinda, ajitokeze. Niliuza mbuzi zangu Kakuma nikanunua biashara ya sprinkla za kunyunyizia nyasi kutoka kwa jamaa aliyehamia Kitale: pampu, mipira ya maji, na mteja mmoja tu, Mama Ekai, mwenye gesti pale Lodwar. Alitaka bustani ya nyasi.

Nilipanda nyasi, nikamwaga magunia sita ya samadi ya mbuzi, nikafungulia maji. Nikapiga marufuku mtu yeyote kukanyaga. Hata mimi nilikuwa natazama kutoka verandani. Mwezi wa pili kukawa kijani kabisa. Nikatembea mjini kama waziri.

Mama Ekai akawaita wenzake wa kanisani waje kubariki bustani. Akavua viatu ili azionje nyasi zake kwa miguu. Hatua ya pili akapiga yowe, akaketi, akachomoa mwiba unyayoni. Kisha akang'oa mche mmoja, akanitazama.

"Ekiru, mbuzi wa huku wanakula nini?"

"Maganda ya mathenge, mama," nikajibu, na papo hapo nikajua mbegu zimetoka wapi: kwenye ile samadi yangu.

"Na wewe umezaliwa Kakuma?"

Wamama wakashikana kwa kicheko. Mathenge, mti wa miiba tunaoukata na kuulaani kila siku, mimi nilikuwa nimeunywesha maji asubuhi na jioni! Na pembeni sprinkla ilikuwa bado inazunguka. Mama Ekai akanishika bega.

"Mwanangu, zima kwanza hiyo maji. Bado unailisha hiyo mathenge."