Joho la Mkombozi

Fundi anayeshonea mavazi kikundi chetu cha maigizo, kanisani Changamwe, hubana pini midomoni na huzungumza bila kuzitoa. Mwaka huu tunaigiza wananchi wakimpindua mfalme. Oduor, aliyeutunga mchezo na kujipa nafasi ya mkombozi, alimwendea akitaka vazi jipya la rais. Fundi alimpima taratibu, kisha akachukua joho lilelile la mfalme na kuanza kulipunguza mikono.

“Mama, huyu mkombozi ameleta mapinduzi,” Oduor akalalamika.

“Nimesikia, mwanangu.”

Kwenye mshono wa tumbo akaacha akiba ya inchi nne. Oduor akauliza ni ya nini.

“Mchezo una sehemu ngapi?”

“Tatu.”

“Kufikia ya tatu utakuwa umenenepa.”

Jumapili Oduor alilivaa, akajitazama sana kiooni, akatutangazia kwamba sehemu ya tatu, ile ya uchaguzi, imeahirishwa.