Jino la Bibi Harusi

Siku moja haijanitoka akilini, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu. Nilikuwa mwari, nimetiwa ndani kwetu Likoni, nasingwa mwili kwa liwa ya kunukia, mikono imejaa hina, harusi kesho kutwa. Na jino la nyuma lilikuwa likiniuma vibaya sana.

Sikumwambia mtu. Babu alikuwa ametusimulia alivyong'olewa jino huku watu wawili wamemshika mabega, na hadithi ile ilinikaa rohoni tangu utotoni. Basi nikawa natafuna karafuu kwa siri na kulia ndani ya leso. Shangazi zangu walidhani namlilia mama kwa kuwa namwacha. Wakafurahi kuona nina haya, hata mmoja akakaa akalia pamoja nami.

Aliyenigundua ni somo yangu, mama aliyewekwa anitunze na kunifunza mambo ya ndoa. Aliniletea halua, kitu ambacho sikikatai hata nikiwa na homa. Nikaikataa. Akaniinua kidevu, akaona shavu limeanza kuvimba.

"Hiki si kilio cha harusi," akasema. "Fungua kinywa."

Nikafungua. Shangazi wakashikilia kwamba mwari hatoki, jino lingoje harusi ipite. Somo akawajibu kuwa mwari huyu amekabidhiwa yeye, akanivisha buibui, tukatokea mlango wa uani. Wallahi nilitoka nusu kwa woga, nusu kwa raha ya kutoroka, maana jua nilikuwa sijaliona siku nyingi.

Daktari wa meno aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Nilipoona sindano niliudaka mkono wa somo nikaubana kwa nguvu zangu zote. Iliuma kidogo, kama siafu, kisha shavu likafa ganzi. Nikafumba macho nikiyangoja yale ya babu. Nikangoja, nikangoja, nikahisi navutwa tu.

"Tayari," daktari akasema. "Ungekuja mapema tungeliziba, tusingeling'oa."

Sikuamini mpaka aliponionyesha. Nikacheka na pamba mdomoni. Aliyeumia alikuwa somo, kwani nilimbana hata pete yake ikamchubua kidole. Siku ya kupambwa nilitakiwa niketi kimya nimeinamisha macho, nami nilikuwa nikipigana na kicheko kila nikikitazama kidole kile.

Nakuambia haya, mwanangu, kwa sababu tangu juzi nakuona unatafuna upande mmoja. Usiziogope hadithi za watu, kwani nyingi ni za zamani na zimetiwa chumvi. Likiuma, sema. Nenda mapema, na ukiogopa, nenda na mtu wako. Mimi nilipoteza jino ambalo lingepona, kwa woga tu. Mungu akujaalie meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma mpaka uwaone wajukuu zako, na akuondolee kila hofu isiyo na sababu.

Haya, vaa buibui lako twende. Mkono wangu huu hapa, ubane upendavyo. Pete nimeshaivua.