Kosa Namba Saba

Cleopas Wandera alikuwa fundi wa saa, na alikuwa na ugonjwa wa mafundi wa saa: kuwasahihisha watu. Mwambie ni saa nne, atautazama mkono wake, akujibu kwamba ni saa nne na dakika tatu. Alivuka mpaka wa Busia miaka ishirini na minne iliyopita, bisibisi zake zikiwa ndani ya kopo la majani ya chai, akatandaza meza yake Mengo, Kampala, kando ya duka la dawa. Tangu siku hiyo alizifungua saa za makarani, za walimu, na za mapadri walioshuka kutoka Lubaga. Simu zilipoingia akasema ni upepo tu, utapita. Haukupita. Saa zikapungua mezani, lakini Cleopas mwenyewe hakupungua hata kidogo, kwa sababu alikuwa na omweso.

Omweso ni bao la Waganda: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na watazamaji wasiofunga midomo. Unachota kete za shimo moja, unazipanda mojamoja kuzunguka upande wako. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaendelea, na mashimo ya mwenzako yanayolielekea yakiwa na kitu, unakila. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu imeondoka. Na kufikiri hakuruhusiwi sana. Ukisita, watu wanakuhesabia kwa Kiganda, "emu, bbiri", na ukibaki umeduwaa, mwenzako anacheza.

Bao lenyewe lilikuwa la Cleopas. Alikuwa amelichoma herufi zake mbili chini kwa chuma cha moto, asije mtu akasahau, ingawa lilikaa Kisugu, kwenye baraza ya Hippolyte, fundi cherehani kutoka Bukavu, ambaye bao aliliita kisoro. Hippolyte alikuwa mtu mpole mwenye futi ya kupimia shingoni siku zote, hata Jumapili. Walikuwa wamecheza miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo kumi na tisa Hippolyte hakuwahi kumshinda. Alikaribia mara nyingi. Lakini ikifika mahali pabaya, Cleopas alichota shimo nono la kushoto, akazunguka kona mbio, na pale ambapo mtu mwingine yeyote angelala, yeye alikula. Watu waliita "kona ya Cleopas". Walipomwomba awafundishe, alijibu kwamba kipaji hakifundishwi. Unyenyekevu haukuwa miongoni mwa vifaa vyake.

Sasa, aliishi na Nakhisa, binti wa marehemu dada yake, ambaye alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya simu. Mabosi wake walikuwa wamesoma habari za kompyuta inayocheza Go, mchezo wa Asia wa vijiwe vyeusi na vyeupe, jinsi ilivyowatoa jasho mabingwa wa huko. Wakasema na sisi tunalo bao letu. Nakhisa akaandika programu ya omweso. Ikacheza vizuri, lakini alihitaji mtu wa kuitega: kuipangia kete kwa namna za ajabu, kuibana kwenye pembe za sheria, aone kama itateleza. Alihitaji, kwa maneno yake mwenyewe, mtu msumbufu. Mjomba alikubali kabla sentensi haijaisha.

Cleopas akanunua daftari, akaandika juu ya jalada: MAKOSA YA MASHINE. Wiki tatu hakuna aliyekuwa na furaha kama yake Kampala nzima. Kosa la kwanza, mashine ilianza kucheza kutoka shimo lenye kete moja, jambo ambalo halijawahi kuruhusiwa. Kosa la pili, ilirudi kinyumenyume kutoka shimo lisilo na ruhusa ya kurudi. Kosa la nne lilimpendeza mpaka akalisimulia kwa mteja aliyekuja kubadilisha betri tu. Alikuwa amezipanga kete kwa namna ambayo zamu haiishi, inazunguka na kuzunguka, na binadamu wangefuta mchezo wakaanza upya. Mashine haikujua kufuta. Iliendelea kupanda tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana, na Cleopas aliitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani akila kamba yake mwenyewe.

Nakhisa alirekebisha yote bila kinyongo. Ndipo likaja kosa namba saba.

Cleopas aliipa mashine kona yake. Akapanga kete sawasawa kama zilivyokuwa zikikaa pale barazani, akabonyeza shimo nono la kushoto, akakunja mikono akingoja kula. Mashine ikazunguka, ikapita kona, ikaenda mpaka shimo tupu, ikalala.

Akaandika: "Mashine haijui kuhesabu." Akapiga mstari chini yake, kisha wa pili.

Nakhisa alihangaika na kosa hilo siku mbili asilione. Ijumaa programu ilitakiwa kukabidhiwa, na makubaliano yalikuwa kwamba neno la mjomba ndilo sheria. Hata jina lake lilikuwa limeandikwa mle ndani kama mwamuzi. Alhamisi jioni aliweka trei mbili za mayai juu ya meza ya chakula, akamwaga maharage kikombe kimoja. Akamwomba mjomba amwonyeshe kwa mkono.

Cleopas akacheza kwa haraka, kama alivyozoea. Harage la mwisho likatua palepale alipotaka, kwenye shimo lenye wenzake. Akamtazama mpwa wake kwa huruma.

Nakhisa hakumtazama. Alikuwa ameinama juu ya shimo la kona, ambalo lilikuwa tupu kabla ya kuanza. Lilikuwa na maharage mawili.

Cleopas akasema limeteleza. Akarudia. Mawili tena. Mara ya tatu akaenda polepole, harage kwa harage, akiyataja kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Kwenye kona likaanguka moja. Na la mwisho likasogea shimo moja mbele zaidi, kwenye tupu, likalala.

Hapo wote wawili wakakitazama kidole chake cha kati cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimebanwa na geti la chuma ujanani na hakikunyooka tena. Mezani kwake Mengo hakikumsumbua, kwa kuwa saa hufanyiwa kazi kwa kibano. Lakini mkono ukipinda kuzunguka kona, mbiombio, kidole kile kilikuwa kikiachia kete mbili badala ya moja. Mwenye kidole hakuwa na habari.

Aliona aibu kama hajawahi kuona. Wizi angeweza kuukana, kwa sababu hakuiba. Lakini huu haukuwa wizi. Alikuwa amekosa hesabu miaka kumi na tisa, yeye, anayewasahihisha mapadri dakika tatu.

"Mjomba," Nakhisa akasema taratibu, "naweza kuiandika kama sheria ya zamani. Nani atajua?"

Cleopas alikusanya maharage yote, akayarudisha kwenye kikombe asiache hata moja. Asubuhi, kabla ya kwenda Mengo, alifungua daftari. Akaandika chini ya ile mistari miwili: "Kosa namba saba ni la mpimaji. Mashine iachwe ilivyo." Akatia sahihi.

Angeweza kukomea hapo. Hippolyte hasomi madaftari ya watu. Lakini fundi aliyegundua kwamba saa ilikuwa ikikosea lazima amwambie mwenye saa, na Jumamosi mchana Cleopas alikwenda Kisugu.

Alimkuta Hippolyte akipinda ukingo wa gauni la kitenge, na bao limeshawekwa tayari. Alisimulia vibaya sana. Alianzia kwenye geti la chuma, akapitia trei za mayai, akarudi kwenye geti. Mwishowe akalitoa: kwamba kila alipokula kwa ile kona, alikuwa ameangusha kete mbili, na ushindi wake wote wa namna hiyo ni bure.

Hippolyte alisimamisha mguu wake, cherehani ikanyamaza.

"Muzee, ile ya kona?" akasema. "Ile tunaijua."

Cleopas akauliza anaijua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza. Niliona unaangusha mbili, nikawaza ni sheria ya hapa, mwenye kisoro ana haki yake kwa kona. Kila mahali kuna sheria yake, na mugeni haulizake, anaangaliaka tu." Akaanza kuvuta uzi. "Batoto bangu banachezaka vile. Na batu ba kanisa yetu. Mwenye kisoro, kona ni mbili. Siye tuliwaza Kampala nzima inachezaka hivyo."

Kwa hiyo kidole kimoja kibovu kilikuwa kimetunga sheria, na nusu ya Wakongomani wa Kisugu walikuwa wakiifuata kwa moyo safi. Cleopas angecheka kama lingempata mtu mwingine. Akauliza lile lililobaki, kwamba basi yeye Hippolyte, ambaye aliijua sheria yenyewe, mbona hakuwahi hata mara moja kumwangushia mbili.

Hippolyte alimtazama akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuulizwa.

"Kisoro ni yako, Muzee."

Miaka kumi na tisa alikuwa akiamini anacheza na mtu asiyeona mbali. Kumbe alikuwa akicheza na mtu mwenye adabu. Iliuma kuliko ile hesabu ya maharage, tena kwa mbali.

Akaliinua bao, akaligeuza. Akaomba chaki ya kuchoria nguo, na juu ya zile herufi zake mbili akaandika H kubwa, iliyopinda kidogo. Kisha akaliweka upande wa pili, karibu na mguu wa cherehani.

"Limekuwa lako," akasema. "Anza wewe."

Hippolyte alivua futi yake shingoni, jambo ambalo Kisugu haikuwa imewahi kuliona, akaitundika kwenye kitasa. Wakacheza. Mara mbili Cleopas alitaja kete zake kwa sauti alipofika kona, mojamoja, na mara zote mbili akalala kihalali. Ndipo Hippolyte akachota shimo nono la kushoto kwake. Akaenda kwa vidole vilivyonyooka, vidole vya mtu anayetunga sindano bila miwani, na alipofika kona akaangusha kete mbili, bila haraka na bila kuficha, macho yake yakiwa kwa Cleopas.

Cleopas akafungua kinywa ili amsahihishe. Akakumbuka, akakifunga. Mwenye bao akala kete kumi na moja.